Mgunga, Kidege na Kidato cha Tatu

Mwezi uliopita Kabula alitualika Lagangabilili, wanawake saba tuliosoma darasa moja, kwa sababu alikuwa amehamia nyumba yake mpya nyuma ya ofisi za halmashauri na alitaka tumwonee wivu. Tulimwonea. Sebule yake ina makochi ya rangi ya maziwa ambayo hakuna aliyethubutu kuyakalia akiwa na sahani mkononi, basi tukashuka sote mkekani, wanawake wazima wenye magoti mabovu, tukala wali na kuku wa kienyeji. Kabla chai haijaja mmoja wetu akaniuliza mbele ya wajukuu wa Kabula, "Hivi Nkwimba, ni kweli ulishtakiwa na kijiji kizima kwa kuiba mti?" Nikamjibu kwamba haukuwa mti, lilikuwa tawi, na sikuiba, nilikata mchana kweupe kila mtu akiona. Watoto walicheka mpaka mmoja akapaliwa na soda. Nikaona habari zangu zinapotoshwa na mimi bado ninapumua, na ndiyo sababu naziandika. Nasema mapema ili msomaji asihangaike: nilishinda. Najua mtu wa umri wangu anatakiwa kujishusha anapojieleza, na kwa mambo mengine najishusha kama kawaida, lakini kwa mwaka ule sijishushi hata kidogo.

Nilikuwa kidato cha tatu Bariadi, wakati huo bado tunahesabiwa mkoa wa Shinyanga. Mimi na Kabula tulipanga chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani: kitanda kimoja cha kamba, ndoo mbili, jiko la mkaa lililovunjika mguu likaegemezwa kwenye tofali, na gunia la michembe kutoka kwa bibi yake Kabula. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu, viazi vilivyokatwa vikakaushwa, tunavichemsha asubuhi na kuvila na karanga za kutwanga, na jioni ugali na dagaa. Ukuta kati yetu na fundi ulikuwa wa mabanzi, kwa hiyo tulijua nguo ya nani imembana, nani anaolewa, na bei ya pamba kabla haijatangazwa. Nilizoea kusikiliza mambo yasiyonihusu. Labda ndiyo sababu, siku nilipotumwa kupeleka madaftari ofisi ya walimu, sikubisha hodi mara moja. Nilisimama chini ya dirisha, nikasikia mwalimu mmoja akisema, "Yule Nkwimba ana mdomo, hana kichwa. Mpeleke historia." Wakati ule kidato cha tatu ndipo watu walipogawanywa, wengine sayansi, wengine sanaa, na mimi katika baolojia ya kidato cha pili nilikuwa nimeanguka vibaya. Nilitaka sayansi kuliko kitu chochote duniani. Sikuwa na sababu ya maana ya kumweleza mtu, nilitaka tu kujua vitu vimeumbwaje, na wazo la kufungiwa nje ya chumba cha maabara lilinifanya nilie pale pale dirishani na madaftari ya watu mkononi.

Halafu nikafuta machozi, nikaingia. Mwalimu Ndelwa, aliyekuwa akitufundisha baolojia, alikuwa mtu mwembamba wa huko Iringa, mwenye viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope na kitabu kimoja kikubwa cha ndege alichokifunika kwa gazeti. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba nimesikia yote na sikubali. Walimu wakatazamana. Nilidhani nitachapwa. Yeye akauliza tu, "Hukubali nini, kwamba una mdomo au kwamba huna kichwa?" Nikasema la mdomo ni kweli. Akacheka, kisha akanipa sharti, na nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu nililirudia njia nzima hadi nyumbani. "Chagua mmea mmoja unaotoa maua na ndege mmoja mwimbaji, wote wawe wa huku kwenu. Walinganishe. Kwanza uainishaji, kila mmoja kutoka ufalme wake mpaka spishi. Pili hali yao ya uhifadhi, nani yuko salama, nani anaelekea kutoweka. Niletee na kipande cha mmea, si cha kuchora. Baada ya Pasaka nikiona umeelewa, naandika jina lako sayansi. Nikiona umekariri, nenda historia na usirudi tena dirishani."

Siku hizi kazi ya namna hiyo mjukuu wangu anaimaliza kwa simu kabla maji ya chai hayajachemka. Sisi tulikuwa na kitabu kimoja cha mwalimu, nacho nilikisoma nimesimama ofisini wakati wa mapumziko, kwa sababu hakuruhusu kitoke. Humo ndimo nilimkuta ndege wangu. Alikuwa mdogo kuliko kidole gumba na kiganja ukiviunganisha, mgongo rangi ya majivu, tumbo jeupe, mkia mrefu, jina lake la kisayansi Apalis karamojae. Kitabu kilimweka miongoni mwa ndege walio hatarini na kikasema anapenda migunga midogo yenye vinundu vyeusi, ile inayoota kwa wingi katika nchi nyingi, kwenye udongo mweusi wa mbuga. Nilipiga kelele ofisini. Migunga hiyo naijua! Sisi tunaiita malula, ina miiba inayotoboa ndala, na vile vinundu vimejaa sisimizi, upepo ukipita kwenye matundu yake vinapiga mluzi. Kwao Kabula, Mwamapalala, ilikuwa imejaa kwenye ngitili nzima. Mmea na ndege wangu walikuwa wanakaa nyumba moja, na hakuna mwanafunzi mwingine aliyekuwa na bahati hiyo.

Tulikwenda likizo ya Pasaka kwa baiskeli ya kuazima, tukipokezana kupakizana. Babu yake Kabula, Mzee Masunga, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa ngitili ya kijiji. Kwa asiyejua, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa kipindi chote cha mvua, haingii ng'ombe, haingii panga, ili kiangazi kikibana kuwe na majani ya kuokoa mifugo. Tulimkuta uani, tukapiga magoti kumwamkia babu kwa Kisukuma. "Mwadila, guku." Akaitikia, akaniuliza ukoo wangu mpaka akapata mtu tunayehusiana, ndipo akaridhika. Bibi Ngolo, mkewe, alitupa chumba cha kuhifadhia nafaka, na mpaka leo harufu ya mtama mpya inanirudisha kwenye chumba kile, gunia hili ukutani, jembe lile juu ya dari, na kuku anayetaga pembeni ya kichwa changu na kunitazama kama mimi ndiye niliyeingilia. Chakula kilikuwa ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga, na maziwa mgando yaliyoganda vizuri mpaka unayakata kwa kijiko. Wanaume walikula uani, sisi jikoni, lakini jiko lile halikuwa na mlango. Nikasikia mtu akisema kwa sauti ya juu, "Guku, tunalinda miiba! Ile ngitili tuifyeke, malula yawe mkaa, ardhi ilimwe pamba. Mkutano wa Jumamosi uamue." Bibi Ngolo alikoroga nsansa bila kuinua macho. "Huyo ni Ng'wandu," akasema. "Ana maneno, na safari hii ana watu."

Kwa siku tatu nilikaa pembeni ya ngitili kuanzia jua linapochomoza. Siku ya kwanza sikuona kitu, siku ya pili niliona kila ndege isipokuwa wangu, na siku ya tatu alikuja. Walikuwa wawili, wakirukaruka ndani ya malula bila kuchomwa, wanadonoa viwavi kwenye majani, na mmoja akatoa sauti yake fupi kali akairudia na kuirudia. Nilitazama tu nikasahau kuchora. Nimezaa watoto, nimeona matokeo yangu ya chuo yamebandikwa ubaoni, lakini furaha ya asubuhi ile ilikuwa ya aina yake, kwamba kitu kilichoandikwa kitabuni kipo kweli na kipo kwetu. Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Malula yalikuwa na maua ya mwisho, meupe, na maganda mabichi, na mimi nilitakiwa kupeleka kipande. Sikuwaza kitu. Nilivuka mpaka, nikakata tawi moja kwa kisu cha jikoni cha Bibi Ngolo, nikarudi nalo katikati ya kijiji nimelishika juu kama bendera. Mtoto yeyote wa Kisukuma anajua huruhusiwi kukata hata mswaki kwenye ngitili iliyofungwa. Mimi nilikuwa najua. Niliona tu kwamba sheria ile ni ya watu wenye ng'ombe na panga, wala haimhusu mtu mwenye daftari.

Aliyenisimamisha njiani alikuwa Ng'wandu mwenyewe. Hakuwa na hasira, alikuwa anafurahi. "Mgeni wa mwenyekiti," akasema, akaligeuza lile tawi kwenye vidole vyake. "Mwenyekiti anatuchunga sisi, nani anamchunga yeye?" Akalichukua. Nilipofika nyumbani Mzee Masunga alikuwa ameshapata habari. Hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akaniambia kwamba kesho kutwa nitasimama mbele ya mkutano, tawi litachomwa, sitakanyaga tena ngitili, na kwa desturi nitapika chakula cha mkutano mzima. Kisha akasema kwa upole, kama kwa mwanawe, "Ng'wana wane, umempa Ng'wandu fimbo ya kunichapia." Nililia kwa Bibi Ngolo kwa aibu niliyomletea mzee, na kusema kweli nililia pia kwa ajili yangu. Bila tawi sina kazi ya kumpelekea mwalimu, na bila kazi hiyo sina sayansi. Bibi Ngolo alinipa maziwa. "Si unasema una mdomo? Desturi inasema mkosaji asikilizwe kwanza. Basi kasikilizwe."

Mkutano ulikaa kwenye ghala la pamba, wanaume kwenye magunia matupu, wanawake mlangoni, vumbi la pamba linatuwasha pua. Mzee Masunga alisimama akasema, "Huyu binti anakula kwangu. Kwa hiyo mtamuuliza nyinyi, mimi nitanyamaza." Nikaulizwa kwa nini nimekata. Nikasema ni kazi ya shule, nimeambiwa nilinganishe huu mti na ndege mmoja, wa koo gani na wana hali gani. Hapo mzee mmoja akaamka kutoka usingizini. "Mti una ukoo?" Nikasema unao. Nikaomba tawi langu, Ng'wandu akalitoa huku akicheka. Nikachuna ganda moja bichi, nikalipasua, nikaonyesha mbegu zilizopangwa mle ndani. Halafu nikaomba mama mmoja aliyetoka shambani anipe choroko moja kwenye kapu lake, nikaipasua kando ya lile ganda. "Tazameni. Hii ni malula, hii ni choroko. Ni ukoo mmoja, jamii ya mikunde. Na dengu wamo, na karanga wamo." Yale maganda yalipita mkono kwa mkono ghala zima. Watu walicheka, wakabishana, wakayapasua zaidi. Mzee mmoja akasema, "Kumbe mwiba umemzaa choroko!" Nikamwambia hapana, guku, ni ndugu tu, hakuna aliyemzaa mwenzake, na nikaona wananisikiliza sasa, wala si kwa kunihurumia.

Nikaendelea na ndege. Nikasema yeye na mti wanaachana mwanzoni kabisa, mmoja ufalme wa mimea, mwingine wa wanyama, kisha yeye anaingia kwa wenye uti wa mgongo, kwa ndege, kwa ile oda kubwa ya ndege waimbaji walio na jamaa wengi kuliko ndege wote. (Baadaye wataalamu waliwahamisha wote wawili. Mgunga wangu umebadilishiwa hata jina la jenasi, na kidege kimepewa familia nyingine. Nilipolisoma hilo nilikasirika siku mbili, kama mtu aliyeambiwa shangazi yake si shangazi yake, halafu nikazoea.) Nikamalizia na hali yao. "Kitabu kinasema mti huu hauna wasiwasi, ni mwingi, umejaa nchi nyingi. Ndege ndiye yuko hatarini." Nilikuwa nimekariri sehemu hiyo na niliona imetoka vizuri. Ng'wandu akasimama. "Sawasawa! Kitabu chenyewe kinasema mti hauna wasiwasi. Sasa tulale njaa kwa ajili ya kandege kasikomshibisha hata paka?" Ghala zima likaangua kicheko, na mimi nikakwama. Kwa sababu alikuwa amesema kweli, maneno yalikuwa yangu mwenyewe.

Niliwaona wanaume wanaanza kugeukiana, mkutano unanitoka. Nikamwangalia Mzee Masunga, akaangalia chini kama alivyoahidi. Ndipo nikajiuliza kwa mara ya kwanza kile ambacho sikuwa nimekiuliza siku zote nilizokaa na kile kitabu: nani anahesabu, na anahesabu wapi? Nikasema, "Baba Ng'wandu, na ng'ombe? Ng'ombe yumo kwenye orodha ya walio hatarini?" Akasema hayumo, ng'ombe wamejaa dunia nzima. "Mwaka ule wa ukame, wako walibaki wangapi?" Sikumngoja ajibu. Nikasema, "Dunia ilikuwa na ng'ombe. Wewe hukuwa nao. Kitabu kinahesabu dunia nzima, kinasema malula yapo salama, na ni kweli yapo, huko. Kitabu hakijui Mwamapalala. Tukifyeka hapa, kitabu hakitabadilika hata neno, na hapa hakuna malula, hakuna majani chini yake, hakuna ndege, na ukame ukija hakuna pa kupeleka mifugo. Huyu ndege hakuingia hatarini kwa kosa lake. Kila mahali palipofyekwa, watu walisema hivi hivi, mti ni mwingi." Na kwa kuwa nilikuwa nimeshapata moto, nikaongeza ambalo adabu ingenizuia siku nyingine. "Na wewe umenikamata kwa tawi moja, baba. Ulifanya vizuri, nilikosa. Lakini wewe unaomba kukata yote."

Mlangoni Bibi Ngolo akapiga kigelegele kimoja tu, kikali. Wanawake wakakipokea. Mzee yule wa choroko akasimama akasimulia kijiji walichohamia baba zake, jinsi walivyofungua ngitili yao na jinsi walivyoikimbia ardhi ile kiangazi cha tatu. Mwingine akasema hata yeye alitaka pamba, lakini sasa anaona. Walipoinua mikono, iliyotaka ngitili ibaki ilikuwa mingi mpaka hakuna aliyejisumbua kuihesabu. Mzee Masunga alinyanyuka, akalichukua tawi, nikafumba macho nikisubiri kibiriti. Akaniwekea mkononi. "Peleka shule," akasema. "Waambie limetolewa na mkutano. Na chakula utapika, sheria ni sheria." Nilipika, tena kwa furaha, mimi na Kabula na masufuria ya kuazima, ugali wa mtama na nsansa kwa ghala zima, moshi machoni na mikono imebabuka. Ng'wandu alikula akaongezwa. Aliponirudishia sahani akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, ng'wana. Nsansa yako ina chumvi nyingi," na nikajua amenisamehe, ingawa chumvi haikuwa nyingi.

Shule ilipofunguliwa nilimkuta Mwalimu Ndelwa darasani kabla ya kipindi. Nikaweka mezani tawi lililonyauka, michoro yangu na ukurasa mmoja ambao sikuwa nao wakati naondoka, ukurasa wenye hali mbili za uhifadhi kwa kila kiumbe, moja ya dunia na nyingine ya Mwamapalala. Alisoma kimya wenzangu wakiingia na kuketi. Alifika kwenye huo ukurasa wa mwisho, akarudi mwanzo wake, akausoma tena. "Hii ya pili umeitoa kitabu gani?" Nikasema hakuna kitabu, mwalimu, nilishtakiwa. Nikamsimulia kwa kifupi. Alitoa ile karatasi ya majina ya sayansi mfukoni, akaandika jina langu pale pale kwa kalamu yake ya wino, herufi kubwa, akapuliza likauke. Nilidhani yameishia hapo, nikageuka kwenda kukaa. Akanishika bega akanipa chaki. Kisha mwalimu yule wa viatu vinavyong'aa akapita katikati ya madawati, akakaa kwenye nafasi yangu karibu na Kabula, akaazima daftari, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe.

"Tunakusikiliza, Nkwimba," akasema. "Usiende haraka, tunanakili."